Ndugu wa Ng'ambo Akiingia Kwenye Kampuni: Kodi Zinazomfuata

Zamani pesa za Muscat, Dubai na London zilikuja huku kwa kujenga. Chumba cha mama, kisha ghorofa ya pili, kisha duka la chini la kukodisha. Siku hizi anayetuma pesa anataka jina lake liwe kwenye biashara yenyewe, na ana haki. Amechoka kuulizia mapato kwa simu. Anataka hisa, na jina lake lionekane kwenye CR12 kama la mwenzake aliyeko Mombasa.

Miezi hii nimeulizwa swali moja na watu wa Majengo, wa Malindi na wa Lamu: nikimtia ndugu yangu aliyeko nje kwenye kampuni yangu ndogo, KRA watanifanya nini? Wengi hudhani kampuni yote itageuka ya kigeni. Haigeuki hivyo. Kampuni iliyoandikishwa Kenya ni mkaazi wa Kenya kwa kodi, hata wenye hisa wote wakiwa wanaishi mwezini. Itaendelea kulipa asilimia 30 ya faida, au ikiwa mauzo yake ya mwaka ni kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni na iko kwenye kodi ya mauzo, asilimia 3 ya mauzo. VAT nayo haijali mwenye hisa ni nani. Kinachobadilika ni kile kinachotoka kwenye kampuni kwenda kwa ndugu yule, na namna pesa zake zilivyoingia. Humo ndimo watu wanamoumia.

Nani hasa ni wa ng'ambo?

Hapa weka pasipoti kando. Kwa kodi, swali ni makaazi. Sheria ya Kodi ya Mapato inasema mtu ni mkaazi ikiwa ana makao ya kudumu Kenya na akawepo nchini kwa muda wowote ule katika mwaka. Ikiwa hana makao ya kudumu, awe amekaa siku 183 au zaidi mwaka huo, au awe amekaa mwaka huo na miaka miwili iliyotangulia kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kila mwaka.

Soma tena lile la kwanza. Muda wowote. Ndugu yako ana nyumba yake Kibokoni, mke na watoto wamo ndani, yeye ni dereva Doha na huja wiki mbili wakati wa Idi. Huyo anaweza kuhesabiwa mkaazi wa Kenya. Mwenzake aliyehamia Leicester na familia yake yote miaka 15 iliyopita, hana hata chumba huku, akija hulala kwa shangazi: huyo si mkaazi, hata kama kitambulisho chake cha Kenya kingali mfukoni.

Tofauti yao kwenye mgao wa faida ni kubwa. Mkaazi hukatwa asilimia 5, asiye mkaazi asilimia 15. Kwa hiyo utasikia watu wakisema, basi na tuseme ndugu ni mkaazi, tuokoe asilimia 10. Mimi nawaambia wangoje. Mkaazi wa Kenya hutozwa kodi pia kwa mshahara wa kazi anayofanya nje ya Kenya. Ukijiita mkaazi ili uokoe kodi ya mgao wa elfu chache, umejifungulia mlango wa kuulizwa mshahara wa Doha wa miaka yote. Sisemi mtu adanganye upande wowote. Nasema jambo hili liangaliwe kwa ukweli wake, kisha jibu liwe moja kila mahali: kwenye iTax, kwenye benki na kwenye karatasi za kampuni.

Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wana nafuu yao: wao hukatwa asilimia 5 kwenye mgao. Kwa hiyo binamu wa Tanga au Unguja mwenye uraia wa Tanzania hayuko kwenye kapu moja na yule wa Muscat.

Hisa mpya au hisa zako?

Kuna njia mbili za kumpa ndugu hisa, na wengi huchagua bila kujua wamechagua. Ya kwanza ni kampuni kutoa hisa mpya. Ya pili ni wewe kumuuzia hisa zako.

Tuseme ulianzisha kampuni ya vipuri vya magari miaka kumi iliyopita, hisa 1,000 za Sh100 kila moja, yaani mtaji wa Sh100,000. Leo kampuni ina thamani ya Sh5 milioni, na ndugu anataka asilimia 40. Ukimuuzia hisa zako 400 kwa Sh2 milioni, umepata faida ya mtaji. Hisa hizo zilikugharimu Sh40,000, faida ni Sh1,960,000, na kodi yake ni asilimia 15: Sh294,000. Kodi hii ilikuwa asilimia 5 hadi mwisho wa 2022, na wapo wanaoendelea kunukuu kiwango kile cha zamani. Juu yake kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1 kwenye uhamisho wa hisa, Sh20,000, ambao kwa kawaida hulipwa na mnunuzi.

Lakini ikiwa kampuni itatoa hisa mpya zipatazo 667 na ndugu akazilipia, atakuwa na asilimia 40 vilevile, na wewe hujauza kitu. Hakuna faida ya mtaji. Pesa anazolipa ni mtaji wa kampuni, wala si mapato, kwa hiyo hazitozwi kodi ya mapato. Ubaya wake, ikiwa ni ubaya, ni kwamba pesa zinaingia kwenye kampuni, haziingii mfukoni mwako. Mwenye kutaka kununua shehena nyingine ya vipuri atafurahi. Mwenye kutaka kuozesha binti atabidi auze.

Wako wanaosema, nitampa bure, ni ndugu yangu. Kwa KRA hakuna bure hapo. Uhamisho wa zawadi, au kati ya watu wa jamaa kwa bei ya kindugu, huhesabiwa kwa bei ya soko. Kati ya mume na mke kuna msamaha. Kati ya kaka na kaka hakuna.

Mgao wa faida

Hapa hesabu ni nyepesi, tuipite haraka. Kampuni imepata faida ya Sh1 milioni. Kodi ya kampuni ni Sh300,000, zimebaki Sh700,000, na mkaamua kuzigawa zote. Asilimia 40 ya ndugu ni Sh280,000. Akiwa si mkaazi, kampuni inakata asilimia 15, Sh42,000, naye anapokea Sh238,000. Angekuwa mkaazi angekatwa Sh14,000. Makato haya ndiyo kodi yake ya mwisho Kenya kwa mgao ule.

Anayekata ni kampuni, na pesa hizo zifike KRA ndani ya siku tano za kazi baada ya kukatwa. Zamani ilikuwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Sheria ya Fedha ya 2023 ilibadilisha. Nimeona wahasibu wazuri kabisa wakiendelea na mazoea ya tarehe 20. Usipokata, kodi inageuka deni la kampuni yenyewe, pamoja na faini na riba ya asilimia 1 kwa mwezi.

Kuna mikataba ya kuzuia kutozwa kodi mara mbili. Kenya ina mkataba na Falme za Kiarabu, na humo kodi ya mgao wa faida haizidi asilimia 5. Kwa Qatar, mtu binafsi ni asilimia 10. Uingereza tuna mkataba wa tangu 1973, lakini kwa mgao kiwango chake ni asilimia 15, kwa hiyo hakupunguzii kitu huku. Oman haimo kwenye mikataba inayofanya kazi, wala Marekani. Ndugu wa Dubai anayetaka ile asilimia 5 lazima alete cheti cha ukaazi wa kodi kutoka mamlaka ya huko, na akilete kabla ya mgao kulipwa. Viza ya kazi haitoshi.

Na usije ukafungua kampuni ya karatasi Dubai ishike hisa zako za Mombasa ili upate nafuu hiyo. Sheria yetu inakataa nafuu ya mkataba pale ambapo nusu au zaidi ya umiliki wa kampuni ile uko kwa watu wasio wakaazi wa nchi ile ya mkataba. Wapo mawakala wanaouza mpango huu kwenye hoteli nzuri nzuri. Waulize kuhusu kifungu hicho uone watakavyokohoa.

Jambo moja la kumweleza ndugu wa Ghuba mapema: yule wa Uingereza akikatwa asilimia 15 Kenya, huweza kuihesabu dhidi ya kodi anayodaiwa kule. Wa Dubai na wa Doha hana kodi ya mapato ya mtu binafsi ya kuipunguza, kwa hiyo kilichokatwa Kenya kimekwenda.

Mkopo wa bila riba

Hili ndilo lililonifanya niandike. Sisi ni Waislamu, na ndugu akileta pesa kwenye biashara mara nyingi husema: chukueni, mtanirudishia mtakapoweza. Sitaki riba. Ni kardhi njema, na malipo yake yako kwa Mwenyezi Mungu.

Sheria ya Kodi ya Mapato, kifungu cha 16, haioni hivyo. Ikiwa kampuni inadhibitiwa na mtu asiye mkaazi, peke yake au pamoja na watu wengine wasiozidi wanne, na mtu huyo akatoa mkopo usio na riba, sheria inauwekea mkopo ule riba ya kukisia. Kiwango chake hutangazwa na KRA kila robo mwaka kwa kufuata hati za serikali za siku 91. Kisha kampuni hutakiwa kulipa asilimia 15 ya riba hiyo ambayo haikulipwa, haikudaiwa, wala haikunuiwa.

Angalia kampuni zetu zilivyo: wenye hisa wawili, watatu, wanne. Maneno yale ya watu wasiozidi wanne yanatugusa moja kwa moja mara tu ndugu wa nje anapoingia.

Tuweke hesabu. Ndugu amekopesha kampuni Sh3 milioni bila riba. Tuseme, kwa mfano tu, kiwango kilichotangazwa ni asilimia 10. Riba ya kukisia ni Sh300,000 kwa mwaka, na kodi yake ni Sh45,000. Kwa mkopo wenye riba ya kweli, kampuni ingekata kodi ile kwenye riba ya mkopeshaji. Hapa hakuna riba ya kukata, kwa hiyo Sh45,000 zinatoka kwenye kampuni yenyewe. Miaka mitano ikipita bila mtu kujua, ni Sh225,000, kabla ya faini.

Mimi naona kifungu hiki kinatuonea. Kiliwekwa kwa ajili ya makampuni makubwa yanayohamisha faida kwa kujikopesha yenyewe, na kikamkuta muuza mabati wa Mwembe Tayari ambaye dini yake ndiyo iliyomkataza riba. Wabunge wetu wa pwani wangeweza kulisema jambo hili kila muswada wa fedha unapopelekwa kwa maoni ya umma. Lakini maadamu iko hivyo, lipo la kufanya. Pesa ambayo ndugu hana haja ya kuirudishiwa karibuni iingie kama mtaji wa hisa, si kama mkopo. Na kwa sisi hili halina ugumu wa kidini. Mwenye hisa anashiriki faida na hasara, jambo ambalo fiqhi ya biashara inalijua tangu zamani. Ikibidi iwe mkopo, iandikwe, ifupishwe muda, na kodi yake ihesabiwe tangu robo mwaka ya kwanza.

Kibaya kuliko vyote ni pesa isiyo na jina. Dola zimeingia kwenye akaunti ya kampuni, nyingine kwa M-Pesa ya mkurugenzi, hakuna azimio la wakurugenzi, hakuna hisa zilizotolewa, hakuna mkataba wa mkopo. KRA wakija kukagua hujumlisha pesa zote zilizoingia benki, wakalinganisha na mauzo uliyotangaza. Kilichozidi bila maelezo huhesabiwa mauzo yaliyofichwa, na unatozwa kodi ya mapato na pengine VAT juu ya sadaka ya ndugu yako. Mali bila daftari huisha bila habari. Weka karatasi ya benki ya kila uhawilishaji, yenye jina la aliyetuma na sababu ya kutuma.

Gharama za nyumbani

Kwa miaka mingi kampuni ndogo imekuwa kama mfuko wa familia. Karo ya mtoto wa ndugu imelipwa na kampuni, tiketi yake ya Umra imelipwa na kampuni, na fundi wa nyumba yake ya Nyali pia. Tangu marekebisho ya 2018, malipo kama haya kwa faida ya mwenye hisa au jamaa yake huhesabiwa kuwa mgao wa faida. Akiwa si mkaazi, ni asilimia 15, na gharama hiyo haipunguzi faida ya kampuni. Kama ni karo, mpeni mgao wake kwa njia ya wazi, alipe mwenyewe.

Vilevile asigeuze mgao kuwa ada ya ushauri akidhani ataokoa. Ada ya usimamizi au ya kitaalamu kwa asiye mkaazi hukatwa asilimia 20. Na ikiwa ndugu ana duka lake Deira na ndiye anayewauzieni bidhaa, bei iwe ile ambayo angemuuzia mtu baki. KRA wana haki ya kuirekebisha wakiona imepandishwa ili faida ibaki kule.

Kama kampuni ina ardhi, simama kwanza

Hili si la kodi, lakini kwa mtu wa pwani linaweza kuwa ghali kuliko kodi zote nilizotaja. Hapa pasipoti inarudi mezani. Kifungu cha 65 cha Katiba kinasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa mkataba wa kukodi usiozidi miaka 99, na kampuni huhesabiwa raia ikiwa tu inamilikiwa yote na raia. Yote. Hisa moja ya mtu asiye raia inatosha kuitoa kampuni kwenye uraia huo. Kama kampuni ina kiwanja cha milki huru Kilifi au Kwale, milki ile hugeuka ya miaka 99.

Ikiwa ni shamba la kilimo ni zaidi. Kuuza, kuhamisha au kutoa hisa za kampuni binafsi yenye shamba la kilimo kunahitaji idhini ya bodi ya ardhi, na bodi hairuhusiwi kuidhinisha ikiwa anayeingia si raia. Bila idhini, shughuli yote ni batili.

Jamaa zetu wengi wa Muscat walichukua uraia wa kule zamani, kabla Katiba ya 2010 haijaruhusu uraia wa nchi mbili. Aliyepoteza uraia wa Kenya kwa njia hiyo hakuurudishiwa kwa kukaa tu, lazima auombe. Kwa hiyo kabla ya kuandika jina, ulizeni hati ya uraia, wala msitosheke kwamba babu yake alizaliwa Mkunguni.

Makaratasi

Hisa mpya zikitolewa, taarifa iende kwa Msajili wa Makampuni kupitia eCitizen ndani ya mwezi mmoja. Mwenye asilimia 10 au zaidi aingizwe kwenye rejista ya wamiliki halisi. KRA nao waarifiwe ndani ya siku 30 mwenye hisa wa asilimia 10 au zaidi akibadilika. Hili hufanywa kwenye iTax, na ndilo husahaulika kuliko yote, kwa kuwa watu hudhani eCitizen na iTax huongea zenyewe. Ndugu awe na PIN, na kila akikatwa kodi apewe cheti cha makato. Wa Uingereza hawezi kudai kitu kule bila cheti hicho.

Ndugu akiwa Marekani, mambo ni mengine. Raia wa Marekani na mwenye kadi ya kijani hutangaza mapato yake ya dunia nzima, na akiwa na asilimia 10 au zaidi ya kampuni ya nje huenda akatakiwa kujaza Fomu 5471 pamoja na ritani yake. Faini ya kutoijaza huanzia dola 10,000 kwa mwaka, hata kama kampuni haikupata faida ya senti moja. Kwa duka la vipuri la Changamwe hiyo inaweza kuzidi mgao wake wa miaka mitatu. Ndugu kama huyo amuone mhasibu wake wa kule kwanza, na akubaliane nanyi ni hisa ngapi anazitaka, kabla hamjafungua eCitizen.